Pikipiki Iliyokaa Muda Mrefu: Gia Ngumu na Hatari ya Kuisukuma Ili Iwake

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya malalamiko. Wananchi wanafika ofisini kwetu wakidai wameuziwa pikipiki mbovu au fundi amewaharibia gia, na tukifuatilia tunakuta jambo lile lile: pikipiki ilikaa. Ilikaa stoo mwenyewe alipokwenda kutafuta maisha mbali, ilikaa uani kwenye kituo cha polisi ikinyeshewa na kuanikwa, au ni ya marehemu na ndugu hawajaelewana. Siku inapotolewa betri imekufa, gia hazikubali, na vijana wa mtaani wamejitolea kuisukuma.

Hapo ndipo tunakuomba usimame. USISUKUME PIKIPIKI ILIYOKAA MUDA MREFU ILI IWAKE. Wengi watadhani tunakuza mambo, kwa hiyo tunaeleza sababu.

Pikipiki nyingi zilizozeeka mikononi mwetu, zikiwemo SanLG, Toyo, Boxer, na Honda CG125 ambayo injini yake imenakiliwa na viwanda vingi vya China, zina klachi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini. Pleti za msuguano na pleti za chuma zimepangwa moja baada ya nyingine, springi zimezibana. Ukivuta mkono wa klachi zinaachana, na injini inatengana na gurudumu la nyuma. Zikikaa miezi mingi bila kuzunguka, oili iliyo katikati inakauka na kunata, unyevu unaleta kutu, na pleti zinagandana. Unavuta klachi, mkono unakuja kama siku zote, lakini ndani hakuna kilichoachana na kingine.

Sasa mtu anasukumwa, injini inashika ikiwa ndani ya gia. Anavuta klachi kama alivyozoea, na pikipiki inazidi kwenda. Waya wa ekseleta nao ulikaa muda huo huo. Ukishikwa na kutu haurudi. Viatu vya breki vimekauka. Mbele yake kuna ukuta, au kuna watoto wanaotoka shule. Likitokea la kutokea, tusiseme ni mipango ya Mungu.

Je, gia ni ngumu kweli?

Sehemu kubwa ya wanaolalamika hawana ubovu wowote kwenye sanduku la gia. Gia za pikipiki huungana kwa meno ya ubavuni yanayoingia kwenye matundu ya gia jirani. Pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa, jino linaweza kukutana na jino, na pedeli ikagoma. Ni kawaida kabisa, hata kwa pikipiki mpya. Mwenye pikipiki anakasirika, anapiga pedeli kwa kisigino, na uma unaosogeza gia unapinda. Kazi iliyokuwa haina gharama sasa inadai injini ipasuliwe katikati. Usipige pedeli kwa kisigino. Usiigonge kwa nyundo. Usimruhusu fundi aigonge mbele ya macho yako.

Badala yake, isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa, ufunguo ukiwa nao mfukoni, plagi ukiwa umeifungua ili injini iwe nyepesi. Sogeza gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono mmoja, huku mwingine ukibonyeza pedeli kwa kiganja, taratibu. Utasikia mlio mdogo wa kuingia. Vidole visikaribie cheni na sproketi. Gia zote zikiingia hivi, sanduku ni zima na unatakiwa kutafuta kwingine. Angalia pedeli yenyewe: huenda ilipinda pikipiki ilipoanguka, inagusa kava ya injini, au kiungo chake kimekauka na kinataka grisi tu.

Kisha nenda kwenye waya wa klachi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, ncha ya mkono inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ikicheza zaidi, klachi haiachii vizuri hata kama pleti ni nzima. Waya uliokatika nyuzi au unaokwama ubadilishwe. Usiupake oili ukajidanganya.

Kipimo ambacho hakuna ruhusa ya kukiruka

Injini imezimwa, na plagi umeirudisha. Ingiza gia ya kwanza, vuta klachi mpaka mwisho, sukuma pikipiki kwa miguu yako. Ikitembea, hata kwa uzito kidogo, klachi inaachia. Ikigoma kana kwamba hukuvuta klachi, na waya umeshauhakikisha, pleti zimegandana, na pikipiki hiyo hairuhusiwi kuwashwa ndani ya gia kwa namna yoyote.

Pleti zikiwa zimegandana, anza kwa kumwaga oili ya zamani. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Weka mpya yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Oili ya gari iliyotengenezwa kubana matumizi ya mafuta isitumike, kwa sababu ina viambato vinavyoweza kuzifanya pleti ziteleze. Washa ikiwa niutro, nje kwenye hewa, kamwe si stoo wala chumbani, maana moshi wake unaua. Ikishapata joto izime. Ingiza gia, vuta klachi, itikise mbele na nyuma. Ikigoma bado, funga mkono wa klachi kwenye usukani kwa kipande cha tyubu uiache hivyo mpaka asubuhi, oili ipate kupenya, kisha rudia kipimo.

Isipoachia, kava ya klachi inafunguliwa. Hiyo ni kazi ya fundi. Pleti zitenganishwe, za chuma zisafishwe kutu, za msuguano zilizokwisha zibadilishwe, na mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa. Mwambie fundi akuoneshe za zamani.

Kuhusu leseni ya udereva, bima, kadi ya usajili, na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kwa anayebeba abiria: hakikisha zote ziko hai kabla ya kuingia barabarani. Pikipiki ya marehemu ibadilishwe jina kwanza.

Safari ya kwanza iwe bila abiria wala mzigo, mahali pa wazi, na kidole kikae karibu na swichi ya kuzimia. Baada ya safari hiyo pima tena mchezo wa waya, kwa sababu pleti mpya hubadilika kidogo zikianza kazi. Oili uliyomwaga usiitupe mtaroni; ipeleke gereji wanakokusanya oili chafu.