HATI ZA MGENI MKAAZI: IPI ITEMBEE, IPI IKAE NYUMBANI

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wageni wakaazi na waajiri wao ni uhifadhi wa hati za utambulisho. Wapo wanaotembea na hati zao zote kila waendako. Wapo wanaozifungia kabatini na kutoka mikono mitupu. Siku hizi wamezuka wengine wanaozipiga picha kwa simu ya mkononi wakaamini kwamba wamemaliza kazi. Somo hili linafafanua kasoro za kila njia, na kueleza utaratibu utakaomlinda mwenye hati anapokuwa safarini na anapokuwa nyumbani.

Mfano utatolewa wa safari ya kutoka Unguja hadi Makambako na Njombe, kwa kuwa huko ndiko suala hili linakodhihirika vyema.

Makambako ni mji wa njia panda

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Makambako. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo hupita hapo hapo. Tena hapo ndipo inapochepuka barabara ya kusini iendayo Njombe, mwendo wa kiasi cha kilomita 60, na kuendelea hadi Songea. Kwa hiyo anayeshuka Makambako aweza kuwa anaelekea Zambia, Malawi au Msumbiji, kama ambavyo aweza kuwa mfanyabiashara wa Darajani aliyefuata mbatata na mbao. Mkoa wenyewe wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, unapakana na Ziwa Nyasa kwa upande wa Wilaya ya Ludewa, na ng'ambo ya ziwa ni Malawi.

Njia hizi za nyanda za juu kusini zimekuwa zikitumiwa pia na wasafirishaji haramu wa watu, hususan vijana wa Ethiopia na Somalia wanaopelekwa Afrika Kusini. Mwezi wa Juni 2012 zilikutwa maiti zaidi ya 40 za wahamiaji wa Ethiopia katika Mkoa wa Dodoma, watu waliokuwa wamefungiwa ndani ya lori hadi wakakosa hewa. Msiba huo watosha kuonyesha kwa nini basi husimamishwa na abiria wakaulizwa watokako na waendako. Ukaguzi wa njiani una mashaka yake kwa msafiri mwema, lakini haukuanzishwa bila ya sababu.

Mfano wa fundi

Na tuchukue mfano wa kufundishia. Fundi mmoja wa kigeni ameajiriwa Unguja na anacho kibali halali cha ukaazi. Mwenzake wa kazini anaoa Njombe siku ya Jumamosi, naye ameombwa ahudhurie. Pasipoti yake imo ndani ya sefu ya afisi, ambako ofisa utumishi aliiweka kwa nia njema kabisa ya kuilinda isipotee. Fundi hakuona haja ya kuiomba, kwani picha ya pasipoti na ya kibali anazo ndani ya simu.

Ijumaa jioni basi linasimamishwa karibu na Makambako. Simu imeishiwa chaji tangu Iringa. Abiria wengine wanatoa vitambulisho vyao. Yeye anatoa maelezo. Ofisa aliye zamu hana njia ya kumtofautisha mtu huyu na mwingine mwenye maelezo kama hayo hayo ambaye hana kibali chochote. Fundi anateremshwa na basi linaondoka. Simu inapochajiwa, picha zinaonekana, lakini ofisa anataka uthibitisho kutoka kwa mwajiri. Afisi ya Unguja imekwisha kufungwa, na mwenye ufunguo wa sefu hapatikani hadi Jumatatu.

Katika mfano huu hakuna mhalifu. Fundi ni mkaazi halali, ofisa utumishi alikuwa na nia njema, na ofisa wa Uhamiaji ametimiza wajibu wake. Kilichokosekana ni karatasi moja mahali ilipohitajika, na kwa ajili yake mtu amelala kituoni na harusi imempita.

Sheria inavyosema

Mambo ya uhamiaji na uraia ni ya Muungano. Kwa hiyo Sheria ya Uhamiaji Nam. 7 ya 1995 inatumika Unguja na Pemba kama inavyotumika Njombe. Sheria hiyo inampa ofisa wa Uhamiaji uwezo wa kumhoji mtu anayemdhania kuwa ni mgeni, na kumtaka aonyeshe pasipoti, kibali au pasi inayomruhusu kuwepo nchini. Vibali vya ukaazi viko vya daraja tatu: A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Ifahamike kwamba kibali cha ukaazi si ruhusa ya kufanya kazi yoyote popote. Anayetaka kwenda Bara kwa kazi, si kwa matembezi, aulize kwanza, kwa kuwa Bara ajira za wageni husimamiwa na sheria yake ya 2015, na Zanzibar husimamiwa na Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005.

Mkimbizi yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Huyu huishi katika eneo lililotengwa, kama vile Nyarugusu mkoani Kigoma, na akitoka nje ya eneo hilo huhitaji ruhusa ya maandishi. Kwake yeye karatasi hiyo ya ruhusa ndiyo safari yenyewe. Akiiacha kambini ni sawa na kutoka bila ya ruhusa.

Chuki ya kipande

Haifai kuwalaumu wanaochukia kutembea na hati. Chuki hiyo ina historia. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole na maandishi ya waajiri wao, wakakivaa shingoni ndani ya kijikasha cha bati. Tanganyika nayo ilikuwa na vipande vya kazi katika mashamba ya katani, na vijana wa Ubena, yaani Njombe hii hii, walikuwa miongoni mwa waliosafirishwa kwenda mashambani huko wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake kuliko jina lake.

Tofauti ni hii. Kipande kilimtumikia mwajiri, kwani yeye ndiye aliyeandika na yeye ndiye aliyesoma. Hati ya leo humtetea mwenye nayo. Lakini humtetea pale tu inapokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mwajiri anayeishikilia pasipoti ya mfanyakazi wake, hata kwa nia njema, anairudisha hati katika hali ya kipande. Wazanzibari wengi wanalijua jambo hili kwa upande wa pili, kupitia jamaa zao waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba na pasipoti zao zikachukuliwa siku ya kufika.

Kasoro za kila njia

Anayebeba hati zake zote huweka mayai yote katika pakacha moja. Mkoba ukiibiwa stendi, au ukasahauliwa ndani ya basi, hupotea pasipoti, kibali, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na vyeti vya skuli kwa siku moja. Hapo mtu hana hata cha kuanzia kuomba vipya.

Anayeacha zote nyumbani hukutwa na yale yaliyomkuta fundi. Aidha, nyumba nayo si ngome. Unguja kuna unyevu na chumvi ya bahari; Njombe kuna mvua nyingi na baridi, na nyumba za mbao zenye jiko la mkaa ndani. Mchwa na moto havichagui karatasi.

Anayetegemea simu peke yake ametegemea betri, mtandao na kioo. Zaidi ya hayo, picha si hati. Ofisa hutaka kutazama muhuri wa kuingia nchini, tarehe ya mwisho wa kibali na alama za usalama za karatasi, na picha huweza kubadilishwa kwa urahisi. Ni kweli kwamba Serikali imeingia katika mifumo ya elektroniki. Pasipoti ya elektroniki ilizinduliwa Januari 2018, na viza ya elektroniki ikafuata mwaka huo huo. Lakini kumbukumbu iliyomo ndani ya mfumo wa Serikali ni jambo moja, na picha iliyomo ndani ya simu ya mtu ni jambo jingine.

Kuna khofu nyingine pia. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anapoirusha picha ya kitambulisho chake katika kundi la WhatsApp amekwisha kuwapa watu asiowajua jina lake, sura yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini mlinzi wa kwanza ni mwenye taarifa.

Utaratibu unaofaa

Hati zigawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni hati zinazotembea. Mgeni mkaazi anapokuwa katika mji anaoishi na kufanya kazi, atembee na kitambulisho chake cha mgeni mkaazi, pamoja na nakala ya karatasi ya kibali iliyothibitishwa na wakili au kamishna wa viapo. Anapovuka bahari au mkoa, achukue pasipoti na kibali chenyewe. Hati hizo zikae mwilini, ndani ya mfuko wa nguo, zisiwekwe kwenye begi linalopandishwa juu ya basi.

Fungu la pili ni hati mama, nazo hukaa. Hizi ni cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya masomo, pasipoti za zamani, na zaidi ya zote cheti cha uraia kwa waliojiandikisha kuwa raia. Wakimbizi wa Burundi waliofika nchini mwaka 1972, pamoja na watoto wao, zaidi ya watu 162,000, walipatiwa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Karatasi kama hiyo ndiyo inayomfungulia mtu milango mingine yote. Haifai kukunjwa mfukoni kwenda nayo gulioni. Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, iwekwe katika kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni, na mtu mmoja wa kuaminika katika nyumba ajue ilipo.

Fungu la tatu ni nakala. Nakala moja ya karatasi ikae kwa jamaa au rafiki anayeishi nyumba nyingine. Picha zihifadhiwe katika barua pepe ya mwenye hati au ndani ya simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Kazi ya picha hizi ni kumsaidia mtu kuzitaja namba, tarehe na afisi iliyotoa hati pale hati yenyewe inapopotea. Hiyo ndiyo faida yao kubwa, nayo si ndogo.

Hati inapopotea

Mwenye hati atoe taarifa Polisi bila ya kuchelewa na apewe taarifa ya upotevu kwa maandishi. Kisha aende na taarifa hiyo Uhamiaji kwa kibali, ubalozi wa nchi yake kwa pasipoti, na afisi ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa kwa kitambulisho. Mwenye namba na nakala huhudumiwa kwa wepesi. Asiyekuwa nazo hulazimika kuanza kutafutwa katika madaftari.

Wenyeji nao

Somo hili si la wageni peke yao. Mzanzibari anayekwenda Njombe kufuata mbatata atasimamishwa katika basi lile lile, wala hakuna alama usoni inayomtambulisha raia. Achukue kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kama anacho, Kitambulisho cha Taifa pia, kwa kuwa hicho ndicho kinachozoeleka zaidi Bara. Barua ya Sheha inamsaidia mtu katika shehia yake. Makambako haitambuliki kwa wepesi.

Wajibu wa afisi

Watumishi wanaosimamia wafanyakazi wa kigeni wanakumbushwa kwamba pasipoti si mali ya afisi. Mfanyakazi akiomba kwa hiari yake ihifadhiwe kwenye sefu, apewe stakabadhi yenye saini, iandikwe katika daftari, na irudishwe siku hiyo hiyo anapoihitaji, ikiwemo siku ya mapumziko. Jina na namba ya simu ya mtu wa pili mwenye ufunguo zibandikwe mahali panapoonekana. Na kila mgeni anapoaga kwa safari, iwe ya kazi au ya harusi, aulizwe swali moja kabla ya kushuka ngazi za afisi: hati yako iko mkononi?