Kompyuta na Hesabu za Herufi

Katika soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mchuuzi ana matenga 2 yenye idadi sawa ya sato. Idadi ya sato katika kila tenga hatuijui; tuiite n. Anaongeza sato 3 katika kila tenga. Je, sasa ana sato wangapi?

Juma ameandika: 2 × (n + 3)
Neema ameandika: 2 × n + 6
Asha ameandika: n + 16

Weka 10 mahali pa n. Majibu yote ni 26! Sasa weka 20. Asha amekosea.

Kujaribu namba moja hakutoshi. Yatupasa kufuata kanuni za herufi zenyewe. Mwaka 1968, wataalamu wa Marekani walianza kutengeneza Macsyma, programu ya kompyuta ifuatayo kanuni hizo. Kutokana nayo ilipatikana Maxima. Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Maseno, nchini Kenya, karibu na Ziwa Victoria, kilianza kutumia programu ya STACK, ambayo husahihisha majibu kwa msaada wa Maxima. Hivyo jibu la kweli halikataliwi kwa sababu tu limeandikwa kwa njia nyingine.

Zoezi
1. Eleza kwa nini Juma na Neema wote wamepata.
2. Kama matenga ni 3, andika jibu kwa njia mbili.