Risasi Ifaayo Bunduki ya Baruti Nyeusi

Mtu atokaye Kaloleni, akifika Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, huona sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914–1918. Katika vita hivyo, askari wengi wa upande wa Wajerumani waliingia mapigano ya Tanga, Novemba 1914, wakichukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Kila walipopiga, wingu la moshi mweupe liliwatangaza mahali walipo. Moshi huo ni wa baruti nyeusi, yaani shura, makaa na kibiriti upele.

Bunduki hizo, pamoja na Martini-Henry ya Waingereza ya mwaka uo huo, zingali zikipigwa katika nchi kadha na wapenzi wa shabaha, ambao husubu risasi zao wenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki wala kutengeneza risasi pasipo idhini.

Neno letu risasi ni jina la madini na pia la kitu kitokacho katika bunduki, nalo humdanganya mwanafunzi, kwani si kila madini ya risasi yafaa. Baruti nyeusi ikiwaka husukuma kitako cha risasi kwa ghafula. Risasi laini hutanuka, ikajaza mifuo iliyochongwa ndani ya kasiba, ikatoka ikizunguka kama pia. Iliyo ngumu haitanuki. Moto hupenya kando yake, madini yakapakazwa kasibani, na shabaha ikapotea. Risasi ya Martini-Henry ilikuwa na sehemu 12 za risasi kwa sehemu 1 ya bati. Wasubuji wa leo hupenda 20 kwa 1, au hata 30 kwa 1.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kuamini jina la bunduki. Martini-Henry huitwa ya inchi 0.45, ila vina vya mifuo yake hupita kipimo hicho. Yapasa kuhakikisha kwanza kwamba bunduki ni tupu, kisha kusukuma kipande cha risasi safi kilichopakwa mafuta kwa ufito wa mbao, toka mwanzo hadi mwisho wa kasiba, na kukipima kwa mikrometa. Risasi iwe sawa na kipimo hicho, au izidi kwa sehemu moja au mbili za elfu za inchi.

Uzito nao hufuata mifuo. Martini-Henry, yenye mzunguko mmoja kwa inchi 22, ilipiga risasi ya gramu 31 kwa gramu 5.5 za baruti. Risasi ndefu mno katika mzunguko wa polepole hupinduka hewani.

Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hubaki kuwa masizi, kwa hiyo risasi hupakwa nta ya nyuki na shahamu. Mafuta ya mashine hugeuka kama lami. Baruti isiyo na moshi isitiwe badala yake: yaweza kuipasua kasiba usoni pa mpigaji.

Madini ya betri kuukuu yasiguswe. Yana antimoni iyafanyayo magumu, tena ni sumu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliougua kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, waliamuliwa na mahakama mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3.