Mtoto na Kitabu Akipendacho

Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, ulipeleka shuleni vitabu vingi vya hadithi. Lakini kitabu hukaa rafuni bila kuguswa kikikosa wa kukisifu. Mwalimu akisema, "Kisomeni hiki," watoto hutii; mwenzao akisema, "Hiki kilinichekesha," hukigombania.

Basi yafaa kila juma mtoto mmoja asimame maktabani, kitabu mkononi, ataje mambo matatu: jina la kitabu na la mwandishi wake, jambo lililompendeza, na mtu atakayekifurahia. Mwisho wa hadithi asiutoe, ili wenzake wapate hamu ya kuufuata.

Tena sisi wakubwa tujihadhari. Mtoto asomaye kwa shida akileta kijitabu chembamba chenye picha nyingi, tusimwambie, "Hicho ni cha wadogo." Neno hilo laweza kumfunga kinywa, naye asishike kitabu tena ila siku ya mtihani. Tumwulize, "Kimekupendeza wapi?" kisha tunyamaze, tumsikilize. Leo chembamba, kesho kinene: haba na haba hujaza kibaba.