Mchapishaji Huchaguaje Kitabu?

Watu wengi hapa Juba huchanganya mpiga chapa na mchapishaji. Mpiga chapa hulipwa na mwandishi, kwa hiyo hakatai kazi. Mchapishaji hutia fedha zake mwenyewe, ndiyo maana huchagua. Basi ninyi mliomaliza shule, hasa mlioko Chuo Kikuu, yafaa mjue achaguavyo.

Mwandishi wa kitabu cha elimu kwa kawaida hapeleki kwanza mswada mzima. Hupeleka pendekezo: kurasa chache za kueleza habari ya kitabu, orodha ya sura, na pengine sura moja au mbili. Mhariri hutazama kwanza kama kitabu chalingana na vingine avitoavyo. Ukimpelekea historia ya Wabari mtu atoaye vitabu vya udaktari, atakurudishia, hata ungeandika kwa wino wa dhahabu. Basi tazama kwanza vitabu vilivyoandikwa juu ya nchi yetu, uone ni nani aliyevitoa.

Pendekezo likimpendeza, hulipeleka kwa wajuzi wa somo lile, mara nyingi wawili, ambao mwandishi hatajiwi majina yao. Hapa ndipo wengi hukwama. Wajuzi huuliza: Kuna jambo gani jipya? Ushahidi umetoka wapi? Aandikaye juu ya mji huu bila kuzifungua nyaraka za serikali zilizohifadhiwa papa hapa atajibu nini?

Cheo si kila kitu. Joseph Oduho na William Deng walikuwa wakimbizi, si maprofesa, lakini kitabu chao kidogo juu ya Sudan ya Kusini kilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963. Naona kilichowasaidia ni kwamba waliyajua mambo ambayo wageni hawakuyajua, tena Institute of Race Relations ya London ilisimama nyuma yao.

Halafu huja hesabu ya wanunuzi. Kitabu cha Douglas Johnson juu ya vita vya Sudan, cha mwaka 2003, kilitolewa na James Currey Uingereza, Indiana University Press Marekani, na Fountain Publishers Kampala, kila mmoja na soko lake. Mwisho, huko Oxford, kibali hutolewa na baraza la wanachuo wa chuo kikuu chenyewe.

Wenye tasnifu za shahada msizitume kama zilivyo. Tasnifu huandikwa kwa watahini wachache ambao hawana budi kuisoma. Mnunuzi wa kitabu halazimishwi na mtu.