Dondoo muhimu: Furaha ya mmisionari kijana ugenini

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, vijana wa kiume hutumikia miezi 24, wasichana 18. Ukipangiwa nchi ya mbali:

• Jifunze lugha sokoni pia. Uliza bei ya nyanya, kubali kusahihishwa na watoto.

• Patana na mmisionari mwenzako. Mko pamoja kutwa kucha. Zungumzeni mapema, kinyongo kisiote mizizi.

• Saidia kwa mikono. Ukikaribishwa chakula, osha vyombo. Ukikuta mwenyeji analima, shika jembe.

• Piga simu nyumbani kila wiki. Ruhusa hiyo ipo tangu 2019. Ukimaliza, rudi kazini.

• Usihesabu waliobatizwa tu. Mpende aliye mbele yako leo, nawe utaifurahia huduma.