Biti Yako Ianzie Nyumbani

Wadogo zangu wa Ng'ambo na Mji Mkongwe, leo nazungumza na nyinyi mnaokesha mkigonga biti kwenye kompyuta, huku mama akiuliza kelele hizo zitakupeni nini. Mnaniuliza: "Dada, uprodyuza ni kazi? Au nihamie Dar kwanza?"

Ni kazi. Mtazameni Mohamed Hamza Ally, maarufu Sisso. Studio yake ilikuwa Mburahati, Dar es Salaam, uswahilini hasa, na singeli yake inapita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ile kwenye albamu ya Sounds of Sisso. Mwaka 2019 Jay Mitta, naye wa hapohapo, akatoa Tatizo Pesa. Ulaya wakawaita kwenye matamasha, na wao walikuwa wakipiga kile kilichochezwa mtaani kwao.

Sasa wewe una nini? Una kidumbak, jamani! Ngoma ndogo mbili, fidla, cherewa, mkwasa, na lile sanduku lenye kamba moja linalotoa besi ya kutikisa kifua. Unaliacha, unapakua ngoma ambazo dunia nzima imeshazitumia. Amapiano naipenda, sikukatazi, ila huko utakuwa mmoja wa maelfu.

Nenda Vuga kwenye klabu ya taarab ya Culture. Toa shikamoo, kaa, sikiliza. Ukishazoeleka, omba ruhusa urekodi. Kumrekodi mzee kwa siri kisha ukauza biti ni wizi, mdogo wangu, na nitakwambia hivyo hivyo usoni. Mlipe, na jina lake liandikwe kwenye kazi.

Ukipata nafasi, soma. Chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha taarab tangu 2002. Kinanda cha programu kimepangwa kwa sauti 12, na baadhi ya maqam, yaani ngazi za sauti za taarab, zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe. Usipozijua, taarab yako itasikika imepinda na hutajua kwa nini.

Kwenye pesa ndiko mnakonitia uchungu. Unapewa elfu kadhaa mkononi, wimbo unapigwa kila harusi, wewe umesahauliwa. Kabla wimbo haujatoka, andikeni: biti ya nani, mashairi ya nani, kila mmoja asilimia ngapi, mtie saini. Kisha peleka kazi COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukaisajili. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na COSOTA ni ya bara.

Nanyi wasichana, msiambiwe mashine si zenu. Siti binti Saad wa Fumba, mwimbaji wa taarab, alirekodi Bombay mwaka 1928. Ila studio nendeni mchana, na ndugu au shoga zenu, na anayesisitiza uje peke yako usiku, mkatae, hata kama jina lake linatajwa kila redio.